Siku nzima kwa ajili ya muhuri mmoja

Wakiniona na faili kwapani, watu huniita wakili. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria hapa Arua, Uganda. Sivai joho wala sisimami mbele ya jaji. Kazi yangu kubwa ni kutafuta karatasi kabla hazijaliwa na mchwa, au na mtu.

Saa 12 asubuhi: chai ya rangi, chapati, boda. Saa 2 benchi la nje limeshajaa. Mpaka wa shamba, talaka, mshahara wa askari wa geti. Hayo nayaandika harakaharaka.

Saa 3 anaingia Mama Rashidi (silo jina lake) pamoja na shemeji yake. Mwaka mmoja na miezi 9 iliyopita alipasuliwa wakati wa kujifungua katika hospitali moja ya serikali, wilaya ya jirani. Mtoto mzima, tumbo likakataa kupona. Usaha, homa, miezi 8 ya dawa za kununua. Alipopasuliwa mara ya pili kwingine, walitoa kitambaa cha upasuaji ndani ya tumbo lake.

Anafungua mfuko wa nailoni, anaweka mezani daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani ndimo kliniki zake zote zimeandikwa. Ukurasa wa siku ya upasuaji una neno moja la Kiingereza lisilosomeka na tone la damu kama la mtu aliyejikata wembe. Ile karatasi ya hospitali ya pili ndiyo dhahabu yetu: mstari mmoja kwa kalamu ya bluu unasema walichokitoa.

Shemeji hana muda na daftari. "Sisi tunataka milioni 500, na huyo daktari afungwe."

Namwambia, shemeji, tuliza moyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mama aliyefariki wilayani Nakaseke mwaka 2011, uchungu umekwama na daktari hayupo. Wilaya ikaamriwa kulipa familia shilingi milioni 35. Ananyamaza, anatazama dirishani kana kwamba namwibia.

Halafu nawaeleza njia mbili. Baraza la madaktari Kampala linaweza kumsimamisha daktari, hata kumfuta kwenye daftari lake la usajili, ila halitoi fidia. Fidia iko mahakamani, na huko lazima tuonyeshe kwamba kitambaa kilibaki kwa uzembe na kwamba hicho ndicho kilichomuumiza, tena daktari mwingine akubali kusimama kusema hivyo. Katika mji ambao madaktari wote wamekaa darasa moja, huyo humpati kwa simu moja. Na anayeishitaki serikali au wilaya ana miaka 2 tu, tena kwanza apeleke notisi ya siku 45.

"Kwa hiyo tumebaki na miezi 3," anasema Mama Rashidi. Anahesabu vizuri kuliko sisi sote.

Saa 5 niko masjala ya hospitali ile. Hii ni mara ya tatu. Barua yetu ya kuomba faili, kwa sheria ya kupata habari ya mwaka 2005, niliileta siku 26 zilizopita. Sheria inawapa siku 21.

"Barua gani?" anauliza dada wa masjala.

Namwonyesha nakala. Anaigeuza. "Haina muhuri wetu." Kweli haina. Siku ile walisema mwenye muhuri ameenda mazishini, nami nikawaamini. Kosa langu, na linaniuma hadi leo.

Naomba basi aipokee upya. Inchaji, mkuu wao, yuko semina. Muhuri uko kwenye droo ya inchaji. Ufunguo uko kwa sista wa zamu. Sista yuko wodini, peke yake, na kina mama wengine wamelala sakafuni. Nikimtazama anavyokimbia nashindwa hata kumkasirikia. Watu hudhani tunawawinda hawa. Mimi nataka kujua nani alihesabu vitambaa usiku ule, basi.

Narudi kwenye benchi. Jua linahama kutoka magotini hadi kifuani. Kijana mmoja ananinong'oneza kwamba kwa elfu 20 ya chai faili huonekana lenyewe. Sikatai kwa utakatifu. Faili lililonunuliwa, wakili wa wilaya atalipasua mahakamani kwa swali moja.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Enyasa, ugali wa huku, baridi na maharagwe, nimesimama, jicho mlangoni.

Baadaye, watu wameanza kufunga madirisha, sista anakuja mwenyewe na ufunguo, gauni limelowa jasho. Hasemi kitu. Kidau cha wino kimekauka. Dada wa masjala anaupumulia muhuri kama anayesafisha miwani, anaugandamiza kwa viganja viwili. Inatoka duara la zambarau, nusu yake hafifu. Natia sahihi kwenye daftari la wageni, naondoka mbio kabla hawajabadili nia.

Usiku, nyumbani, miguu ndani ya beseni, nampigia Mama Rashidi. Swali lake la kwanza: "Muhuri unasomeka?"

Nasogeza karatasi kwenye taa. Unasomeka. Ila tarehe ni ya jana. Hakuna aliyekumbuka kuzungusha namba.

Kimya kidogo kwenye simu, kisha nasikia anacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Basi siku zao 21 zilianza jana."

Nikamwambia hapana, mama, kesho nairudisha wairekebishe.

"Ile safari yote tena?"

Ile safari yote tena.