Babu na uwanja wa Port Reitz

Leo asubuhi tumempeleka shangazi uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, anarudi Nairobi. Babu naye kakataa kubaki nyumbani.

Tulipotoka Changamwe akaanza, "Hapa sisi twapaita Port Reitz." Nikajua leo kuna hadithi.

Wengi hatujui kwamba uwanja huu ulijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili. Aprili 1942 Wajapani walipopiga Colombo na Trincomalee, bandari za Sri Lanka ya leo, Waingereza wakahamishia manowari zao bandari ya Kilindini, hapa Mombasa. Meli ya kubeba ndege ikitia nanga, kwa kawaida ndege zake haziwezi kuruka kutoka juu yake. Kwa hiyo zilitangulia nchi kavu, hapa hapa, kuanzia 1942 hadi 1944. Uwanja wa kimataifa ulikuja baadaye sana, 1979.

Babu alikuwa mtoto mdogo. Anasema mamake alikuwa akisikia mngurumo, humwita ndani na kumfunika kwa leso yake, na yeye akichungulia kwenye ncha.

Basi ndege ya shangazi ilipopaa, nikamgeukia. Kavua kofia. Mkono mmoja umekinga jua, mwingine umeshika ncha ya shati lake, ameikunja kidoleni taratibu kama leso.

Hakusema neno mpaka ndege ikapotea.

Nami sikuweza kumwambia twende.

Wenzangu wa Mombasa, wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu miaka ile? Niandikieni, nitamsomea leo usiku.