Beseni Mbili

"Dumu lina nini?" konda aliniuliza basi lilipokuwa likitoka Mombasa. Nikamjibu ukweli: vyura. Akacheka, akadhani namtania, mpaka mmoja akapiga teke ndani.

Nilikuwa nimewatoa kwenye kisima cha bibi yangu, Kwale. Mwalimu wetu wa zoolojia pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiye aliyewataka. Siku moja alituonyesha vyura wa majini waliovuliwa Nairobi, Xenopus borealis, nikamwambia hata kwetu wapo: hawana ulimi, chakula wanakisukumia mdomoni kwa mikono, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. "Wenu hao ni aina nyingine, Xenopus muelleri," akasema. "Lete tuwaone pamoja."

Tuliwatia kwenye beseni mbili. Kwa haraka ungeapa ni ndugu wa tumbo moja. Wote bapa, macho yametazama juu, utelezi kama bamia, na ubavuni wana vile vialama mfano wa mshono vinavyowasaidia kuhisi maji yakitikisika. Ila wa Kwale walikuwa na kipapasi kirefu chini ya jicho, na manjano tumboni. Wa Nairobi kipapasi chao kilikuwa kifupi, mgongo wa kijivu wenye madoa meusi.

Mwalimu alitusimulia kwamba miaka ya 1970 wataalamu nchini Marekani walitoa utafiti mkubwa kuhusu jeni za "muelleri", kisha mwaka 1977 wakatangaza wenyewe kwamba vyura wale walikuwa borealis. Nikajisemea, wangemwita bibi.

Lakini tofauti iliyonikaa ni ya sauti. Usiku ule madume walianza kuita chini ya maji, mdomo umefungwa, wala povu halitoki. Mlio unatengenezwa kooni bila kupuliza pumzi. Tuliinama, masikio karibu na beseni. Borealis alikuwa akigonga polepole: tk, tk, tk, kama mtu asiye na haraka. Muelleri aliunganisha mapigo yake mbiombio hadi yakawa mkwaruzo mmoja.

Mwalimu akanitoa nje. Aliponiita ndani, beseni zote zilikuwa zimefunikwa kwa magazeti na zimehamishwa. "Haya kijana, wa kwenu wako wapi?"

Nilisikiliza kidogo tu, nikaonyesha ya kushoto. Akafunua gazeti, akamshika mmoja na kumgeuza kwenye taa. Kipapasi kirefu.