Nimepanda Meli Peke Yangu Nikiwa na Miaka 61

Mtumishi wa umma akistaafu, kila jirani huwa na ushauri kuhusu mkupuo wake wa pensheni, na katika mtaa wetu hapa Mwanza ushauri huo kwa kawaida ni kuku. Nilishauriwa kuku wa mayai, kuku wa nyama na kuku chotara, na mwanangu wa pili akaongeza bajaji. Nilipowaambia kwamba sehemu ya fedha hizo nitaitumia kupanda meli ya kitalii kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji, tena peke yangu, walinyamaza kwa muda mrefu, kisha binti yangu mkubwa akauliza lile ambalo wote walikuwa wakiliwaza: "Mama, wewe na meli?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ndani yake alikuwamo mwalimu mwenzangu wa shule moja. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, na rafiki yangu alisafiri daraja la tatu. Mumewe alishinda bandarini siku tatu akitafuta mtu mmoja tu wa kumwambia kama mkewe alipanda au hakupanda. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, na wengi wao wamelala Igoma, mahali ninapopita kila niendapo Kisesa. Tangu mwaka ule sikupanda chombo cha majini isipokuwa kivuko cha Kigongo hadi Busisi, nacho kwa kulazimika tu, na kila nilipokipanda na wanafunzi niliwahesabu mara mbili, kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

Lakini nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa miaka 33 nilichora mikondo ya Bahari ya Hindi ubaoni kwa chaki ya rangi, mishale myekundu kwa maji ya moto na ya buluu kwa maji baridi, nikawasahihisha watoto waliouchora mkondo wa Agulhas ukipanda kaskazini badala ya kushuka kusini-magharibi, ilhali mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga sitaha ya meli ya baharini. Jambo hilo lilinikera zaidi ya nilivyotaka kukiri.

Anayefikiria safari ya namna hii peke yake ajue mapema kwamba bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Ukienda mwenyewe, mara nyingi unalipia pia kitanda kitakacholala kitupu, na jumla inaweza kukaribia mara mbili. Sikuona ubaya kulipia uhuru wangu, ila nilipunguza gharama kwa kuchukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, katika sitaha ya chini, katikati ya meli, ambako pia ndiko chombo huyumba kidogo zaidi kuliko omo au tezi, yaani mbele au nyuma. Ubaya wa chumba hicho ni kwamba ukizima taa, saa sita mchana ni sawasawa na saa sita usiku, na mara mbili nilichelewa chai kwa kudhani hakujapambazuka. Viza haikunisumbua, kwa kuwa Mtanzania anaruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90, na Msumbiji nako hatudaiwi.

Katika jengo la abiria la bandari ya Durban nilipigwa picha nikiwa nimekunja uso kwa sababu ya mwanga, nikapewa kadi ya plastiki yenye jina langu na namba ya chumba. Kijana aliyenihudumia alieleza kwamba kadi hiyo ndiyo ufunguo, ndiyo pochi, na ndiyo itakayopitishwa kwenye mashine kila nitakapotoka na kila nitakaporudi. "Ili mjue nini?" nikamuuliza. "Ili tujue nani yuko melini na nani hayuko," akajibu, kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa. Nilirudi nyuma hatua moja nikajifanya natafuta kitu mkobani, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka kumtisha.

Kabla ya kuondoka lilifuata zoezi la dharura. Abiria wengi niliowaona waliliona kero inayowachelewesha wasiende kwenye bwawa la kuogelea, nami nililiona ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyokuwa yamepangwa siku ile. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio nchini Italia, Januari 13, 2012, na watu 32 wakafa, kanuni za kimataifa zilikuwa zikiruhusu zoezi hilo lifanywe ndani ya saa 24, na mamia ya waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajalifanya. Tangu 2015 sharti lifanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Nilisikiliza honi saba fupi na moja ndefu, nikaenda kwenye kituo changu kwa ngazi, si kwa lifti, kadi yangu ikapitishwa kwenye mashine ndogo ya mkononi, ikalia. Kisha nikamwomba dada wa meli anionyeshe tena namna ya kufunga mkanda wa jaketi la kuokolea. Akanionyesha. Nikamwomba mara ya tatu, naye akanionyesha bila kununa.

Tulitoka jioni kupitia mlango mwembamba wa bandari, kilima cha Bluff kikiwa upande wetu wa kulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanamke aliyevaa nyeupe, Perla Siedle Gibson, alikuwa akisimama gatini hapo Durban akiziimbia meli za askari zilizoingia na kutoka. Sisi hatukuimbiwa na mtu. Tulipigiwa muziki wa disko kutoka sitaha ya juu, kwa sauti ambayo darasani kwangu ningeitolea adhabu.

Usiku ule niliukuta mkondo wangu. Mkondo wa Agulhas hushuka na pwani ile kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi unapovuma ukikabiliana nao, mawimbi huinuka na kusimama wima zaidi. Nilikuwa nimeyafundisha hayo mara zisizohesabika, na sasa yalikuwa yakinifundisha yenyewe: hanga moja kabatini liligonga ubao taratibu, tak, likanyamaza, likagonga tena, na kila lilipogonga tumbo langu nalo lilijibu. Saa saba usiku nilitoka chumbani nikishika vyuma vya ukutani, nikafika mahali pa chai nikaketi na kusema kwa sauti, "Mungu wangu, nilikuwa natafuta nini?"

"Shikamoo, mama," akasema mtu nyuma yangu.

Alikuwa mhudumu kijana, mwenyeji wa Mombasa, aliyekuwa akifuta meza. Tangu Johannesburg sikuwa nimeamkiwa hivyo, na nilichelewa kidogo kuitikia marahaba. Aliniletea tufaha la kijani, biskuti kavu na maji ya moto yenye tangawizi, akaniambia nisilale nikiitazama dari. "Mama, kukipambazuka panda juu, simama katikati ya meli, utazame kule mbali maji yanapokutana na mbingu. Macho yakikubaliana na tumbo, utapona." Nilifanya hivyo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilipona nusu, na nusu hiyo ilinitosha.

Kuhusu upweke sina mengi. Mezani niliwekwa na dada wawili wajane kutoka Pietermaritzburg, ambao usiku wa kwanza waliniuliza kama ninasafiri peke yangu na usiku wa pili waliniuliza nimewezaje. Niliwajibu kwamba mtu aliyekaa darasani na watoto 90 hahitaji kufundishwa kufurahia ukimya.

Siku ya pili tulitia nanga karibu na Inhaca, kwenye mdomo wa Ghuba ya Maputo, tukashushwa kwa mashua hadi kisiwa kidogo kinachoitwa cha Wareno, ambacho hakina wakazi wa kudumu. Kina mama walikuwa wametandika kapulana mchangani, ambazo kwa macho yangu ni vitenge vilevile vyenye jina jingine, nami sikuwa na Kireno, wao hawakuwa na Kiswahili, tukapatana bei kwa vidole. Nilinunua mbili. Kisha nikatembea ufukweni, viatu mkononi, nikitazama jinsi mchanga ulivyosukumwa na maji ukajenga ulimi mrefu, mfano ambao ningelipa fedha kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nilipogeuka, miavuli ilikuwa imekunjwa.

Nilikimbia kwa namna ambayo mwanamke wa miaka 61 hukimbia kwenye mchanga. Pale mashua zilipofunga alikuwapo kijana mwenye redio ya mkononi, naye alikuwa akizungumza na meli kwa Kiingereza: "Bado wanne." Wazee wawili wakatokea kwenye vichaka wakiwa wamebeba viti. "Bado wawili." Nilipofika nikihema, alichukua kadi yangu, akaipitisha, ikalia, akautazama uso wangu na ile picha niliyokunja uso, akasema kwenye redio: "Bado mmoja." Hakunigombeza. Niliketi kwenye ubao wa mashua, maji yakinichuruzika miguuni, na ingawa injini ilikuwa ikinguruma na wenye haraka walikuwa wameanza kulalamika, hatukuondoka. Tulimngoja yule mmoja dakika kumi na mbili kwa saa yangu, mpaka akatokea, kijana mrefu mwenye kofia, akitembea polepole kama mtu aliye kwao. Wenzangu walimzomea. Mimi nilimpigia makofi, na yule dada mkubwa wa Pietermaritzburg akanigeukia akidhani jua limenipiga.

Usiku huo nilimweleza dada huyo habari za rafiki yangu, na za mumewe pale bandarini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

Asubuhi ya kurudi Durban nilipitisha kadi mlangoni kwa mara ya mwisho. Uso wangu uliokunjwa ukatokea kwenye kioo, mashine ikalia, na chini ya picha yangu pakaandikwa kwamba nimeshuka.