Karatasi ya sifa

Juzi tulikuwa na sikukuu ya mavuno hapa Masasi. Korosho zangu msimu huu zimetoka daraja la kwanza, na katibu wetu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni mzee wa kanisa, basi habari zilishamfikia padri kabla yangu. Mshereheshaji akataka nimwandikie karatasi: shahada, cheo nilichostaafia, ekari, na cheti cha maonyesho ya wakulima ya Nane Nane nilichopewa kule Ngongo, Lindi. Eti watu wajue Mungu ametenda.

Nikamwambia, kaka, soma jina tu, na sadaka ipokelewe kama za wengine.

Nilikuwa nimeshinda wiki nzima na Wafilipi 3. Paulo naye alikuwa na karatasi yake, tena nzito: ametahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Farisayo, kwa habari ya sheria hana lawama. Yote akayahesabu hasara kwa ajili ya Kristo. Kilichonishika ni kwamba pale haongelei dhambi zake. Anaachilia mambo mazuri, ya kweli, aliyoyatolea jasho. Dhambi unaiacha na watu wanakupigia makofi. Sifa ukiiacha hakuna hata anayejua. (Haya, sasa mnajua. Mtanisamehe.)

Mke wangu lakini hakupendezwa. Anasema miaka ile nasoma Dar, shamba la Newala alilima yeye, kwa hiyo shahada ni ya wawili, na mimi nimeisalimisha bila kumuuliza. Hapo sina jibu, bado tunaongea.