Siku 14 juu ya ngazi: nilivyobadilisha vali za boti yangu Ugiriki

Boti yangu ya tanga ni futi 29, ya faiba, ya mwaka 1979, niliipata bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe alishaichoka. Inalala Ugiriki, Preveza, upande ule wa Aktio karibu na uwanja wa ndege ambako yadi za boti zimefuatana. Mi naishi Uholanzi kwahiyo kila kitu nafanya kwa likizo, na safari hii nilikuwa na siku 14 tu, nikapanga nibadilishe vali zote 5 za chini ya maji, yaani zile koki za kufungia matundu ya kupitishia maji kwenye ubavu wa boti, nipige rangi, niishushe, nirudi kazini. Fundi wa pale alinitajia bei ya kazi yote, nikacheka kwa adabu nikaaga.

Kuishi ndani ya boti iliyopandishwa nchi kavu we acha tu. Imesimama juu ya vyuma, deki iko kama mita 3 kutoka chini, umesahau spana ni ngazi, umebanwa na mkojo ni ngazi halafu utembee mpaka mwisho wa yadi. Sinki usimwage maji, yanashukia palepale unapolala chali kukwangua. Na ilikuwa Julai, mchana faiba inakuwa tanuri, nikawa naanza saa 11 alfajiri na msasa wa mkono ili nisiamshe watu, ikifika saa 7 najibanza kwenye kivuli cha tumbo la boti. Hata ukitaka kununua kitu mida hiyo, maduka yamefungwa, na jioni wanafungua baadhi ya siku tu.

Sasa hizo vali. Kwa nje zilikuwa safi kabisa zinang'aa, nikaanza kujiuliza kwani nimejia nini huku. Nikachukua kisu nikakwangua kidogo, chini ya ule mng'ao rangi ni ya pinki, kama ufizi. Ile ni brasi, yaani shaba imechanganywa na zinki, na maji ya bahari yanakula zinki polepole, inabaki shaba yenye matundutundu ambayo umbo lake ni lilelile ila nguvu hakuna. Ya tatu, ya choo, niligonga na nyundo kidogo tu ili nati ilegee, shingo ikakatika kama biskuti. Nikakaa chini. Mwaka jana nililala na vali hiyohiyo kisiwani Lefkada usiku tatu nakoroma.

Nikamtumia picha ami yangu Tanga, mtu wa majahazi maisha yake yote, kajua kalafati na shahamu, yaani kuziba na kupaka mafuta mbao za chombo, kabla hajajua kusoma. Akanirudishia sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Mwanangu, chombo unakitoboa mwenyewe matundu matano halafu unasema unakitengeneza? Na hilo beseni nalo lina mkuku? Hebu nipigie picha niuone." Mkuku ndo ule uti wa chini kabisa wa chombo.

Nati zilizobaki ziligoma, nikaazima grainda kwa Mjerumani wa boti ya jirani nikasaga ule mdomo wa nje mpaka ukaisha, kisha nikavuta kipande kwa ndani. Vaa maski jamani, mi siku ya kwanza sikuvaa nikapiga chafya za kijani mpaka usiku. Ila uzembe wangu mkubwa ni huu, vali mpya za bronzi nilinunua duka moja, vile vipande vinavyopita ubavuni nikavikuta kwa bei nafuu mtandaoni, kumbe vali ni thredi za Kiingereza, nyuzi 11 kwa inchi, vile vingine vya Kimarekani, 11 na nusu. Inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri halafu inakaza, na ukilazimisha unaharibu vyote viwili. Duka la Preveza wakasema vinatoka Athens kesho. Kesho hiyo ilikuwa siku tatu. Nikatumia muda huo kukata vibao vya kukalia vali na kuvinywesha epoksi, kazi ambayo nilikuwa nataka kuiruka, kwahiyo labda ilikuwa heri.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua hata siku. Jaribu kwanza kavu, fungua, paka Sikaflex, ile gundi ya kuzibia maji, bila ubahili, kaza mpaka ijitokeze pande zote, halafu iache. Usirudi kesho yake kuongeza robo mzunguko, unaibandua.

Rangi nilimaliza siku ya 12. Vile vyuma vya kuegemeza usivisogeze mwenyewe, ita watu wa yadi, na chini kabisa ya mkuku unasubiri boti ining'inie kwenye mikanda ya kreni ndo unapapaka.

Siku ya kushusha, mwendesha kreni mzee mmoja wa sigara isiyozimika, nikamwomba kwa ishara asiondoe mikanda kwanza. Nikaingia ndani na karatasi ya chooni, nikazungushia kila vali. Nne kavu. Ya choo ikalowa, moyo ukanidunda, kumbe ni klipu ya mpira tu sikuikaza. Nikaikaza, nikabadilisha karatasi, dakika 10, kavu. Nikapanda juu nikamwonyesha mzee dole gumba, mikanda ikalegea, boti ikakaa.

Hapo ndo nikakumbuka picha ya ami, na mkuku ulishazama.