Nilivyozimudu Nywele Zangu katika Mvua ya Kakamega

Tangu nihamie Kakamega kutoka Nakuru, hakuna jambo nililopewa ushauri mwingi na mbovu kama nywele. Kila aliyeniona msimu wa masika alinihimiza niziongezee unyevu: nizinyunyizie maji asubuhi, nizipake glisirini, nilale na kofia ya plastiki. Mambo hayo nilikuwa nikiyafanya Nakuru, ambako upepo wa Januari na Februari hukausha hata midomo, na kule yalinifaa. Huku wingu hutanda karibu kila alasiri kuanzia Machi, radi hupiga, na soksi za watoto hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Ni nywele zipi zinazohitaji kuongezewa maji mahali kama hapo?

Kazi ya glisirini ni kuvuta maji. Hewa ikiwa imejaa mvuke, huyavuta kupita kiasi, unywele ukavimba, na nywele za kipilipili kama zangu zikajikunja na kufungana mafundo. Hayo yalinipata siku tuliyokwenda Kisumu kumsindikiza shemeji yangu kupeleka mahari. Wifi yangu alishikilia kwamba nipigwe blodrai, kisha pasi, kisha nipake glisirini juu yake. “Wifi, zing'ae, usitutie aibu kwa wakwe,” aliniambia, naye ni mtu asiyekataliwa. Nililipa saluni fedha ambazo zingeninunulia gorogoro kadhaa za mahindi, nikatoka nywele zimelala hadi mabegani, nikapanda matatu kwa madaha.

Mvua ilianza tulipofika Khayega. Madirisha yakafungwa, na abiria 14 tukabaki tukipumuliana huku vioo vikitokwa jasho. Sikudondokewa hata na tone moja. Hata hivyo, tulipopita Chavakali nywele za kwenye paji la uso zilikuwa zimeanza kujikunja. Tulipofika Majengo, za kisogoni zilikuwa zimepanda juu ya kola. Na kabla ya Kiboswa, mtoto aliyepakatwa na jirani yangu alikuwa akizibonyeza kwa kiganja, akiziachia, na kucheka kila zilipoinuka tena. Kondele nilishuka na kichwa kikubwa maradufu ya kile nilichoondoka nacho nyumbani. Wifi alinitazama, akatoa leso mkobani, akanifunga kilemba bila kusema neno. Kilemba hicho kilisifiwa sana na wakwe, nami sikuona haja ya kuwaeleza asili yake.

Sababu yenyewe si ngumu. Nywele zilizonyooshwa kwa moto hushikiliwa katika umbo hilo na viungo dhaifu ambavyo maji huvilegeza, na mvuke wa hewa ni maji vilevile. Zilizotiwa dawa ya kunyoosha ni habari nyingine, kwa kuwa dawa hiyo huvunja viungo vya ndani zaidi, na hewa haiwezi kuvirudisha. Kwa hiyo mtu akikuahidi blodrai itakayodumu masika yote huku magharibi, mwulize kama anauza pia paa la kutembea nalo.

Wengine wataniambia nijifunike. Kabla ya Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, karibu kila mwanamke alikuwa na mmoja mkobani kwa ajili ya kichwa chake. Siku hizi nawaona wanaovaa karatasi ya mkate, ile ya plastiki inayofungiwa mkate, nami huivaa bila haya, ila ile ya gramu 400 haimtoshi mtu aliyesuka rasta. Tafuta ya gramu 800, na ukung'ute makombo kwanza. Mvua ikikatika, ivue papo hapo, kwa sababu plastiki huzuia mvuke wa kichwa chako mwenyewe.

Aliyenisaidia hasa ni bibi mmoja jirani, ambaye ploti nzima humwita Kukhu. Alinisuka kwa uzi, jinsi walivyosukwa wasichana wa zamani. Ninaosha Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado lipo, nikikamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo, kwani taulo hukwaruza. Zikiwa na unyevu kidogo, hupaka mafuta ya shea, yale mazito yatokayo kaskazini mwa Uganda, kisha yeye hugawa mafungu na kuzungusha uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, mizunguko ikibanana. “Mwanangu, ukisikia macho yanavutwa, sema,” huniambia, “uzi si wa kukuadhibu.” Zikikauka humo ndani zimenyooka bila moto wowote. Hapo tuna njia mbili: kuziacha katika uzi na kuziviringisha ziwe taji, au kuufungua na kusuka matuta kwa nywele zangu mwenyewe. Matuta yakishafungwa, unywele hauna nafasi ya kuvimba, na hewa ya Kakamega haina la kunifanya.

Nikisuka rasta, huwa sikubali za sufi katika miezi ya mvua, kwa kuwa sufi hunywa maji na kukaa nayo hadi kesho yake. Hata zile za kawaida siziloweshi jioni. Mashina yakilala mabichi chini ya kitambaa, kichwa huwasha, mba huzidi, na harufu yake hujulikana hata na aliyeketi nyuma yako kanisani. Kofia ngumu ya bodaboda nayo hubeba unyevu wa abiria wote wa siku hiyo, hivyo mimi huvaa kitambaa changu cha pamba ndani yake, ambacho hufuliwa kila jioni.

Msusi wangu wa saluni bado ananilalamikia kwamba nimemnyima kazi. Nimemwambia asubiri Januari, mvua ikipungua, nitampa kichwa apige pasi kwa wiki moja, mradi chupa ya glisirini ibaki kabatini.