Xbox inanunua studio, sie tunabaki na PS

Mabanda mengi ya gemu ninayopita huku Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Kabwe, ni PS tu, yaani PlayStation ya Sony, na ukimuuliza mwenye banda kwa nini hana Xbox ya Microsoft anakwambia wateja wanataka mpira na God of War (gemu ya Sony) basi. Hapo ndo vita yenyewe ilipo, watu hawanunui mashine wananunua gemu.

Sony walijua hilo mapema, wakakaa na studio zao za kutengeneza gemu miaka mingi, mwaka 2019 wakawachukua Insomniac wanaotengeneza Spider-Man kwa dola milioni 229, na kwangu mimi hiyo ni bei ya bure kabisa. Microsoft wao wakaja na mabunda, wakanunua ZeniMax, kampuni yenye studio kadhaa, dola bilioni 7.5 mwaka 2021, halafu Activision Blizzard wenye Call of Duty bilioni 68.7, dili likakamilika Oktoba 2023 baada ya kuvutana sana na serikali za Marekani na Uingereza, maana watu waliogopa gemu hiyo itaondolewa PlayStation.

Sasa kinachoniuma ni hiki, Mei 2024 haohao Microsoft wakatangaza kufunga Tango Gameworks, studio waliyoipata kwenye dili la ZeniMax na iliyotengeneza Hi-Fi Rush, gemu kali mno, na miezi miwili tu nyuma walikuwa wameshaileta PS5! Yaani unanunua studio ili uwe na gemu zako peke yako, kisha gemu unampa mpinzani na studio unaifunga. Bora Krafton, kampuni ya gemu ya Korea Kusini, waliichukua baadaye.